Sijajua Bado

Gereji nzima tulimwita Afande. Jina lake nilikuwa nalijua, lakini sitaliandika hapa kwa sababu angenikasirikia. Alikuwa akisema jina la mtu ni la benki na la kaburi. Kazini mtu huitwa kwa kazi yake. Alishastaafu polisi, alikofanya kazi katika karakana ya magari, ila cheo kilimfuata mpaka kwenye gereji yetu ya Nakawa kama harufu ya dizeli inavyomfuata fundi nyumbani hata baada ya kuoga.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alivaa koti la buluu la karakana juu ya gauni. Suruali hakuvaa kamwe. Akitaka kuingia chini ya gari alitandika boksi, akafunga leso kuzunguka miguu yake mpaka kwenye vifundo, kisha akajisukuma kwa mgongo. Mwanamume yeyote aliyecheka aliulizwa kama ana la kuongeza juu ya gari, au ni meno tu alitaka kuyaonyesha.

Kazi yake ilikuwa moshi. Breki, klachi na shokamzoba alituachia sisi. Gari lililokataliwa kwenye ukaguzi kwa ajili ya moshi lilisukumwa upande wake, chini ya mabati yaliyopakana na ukuta wa soko, na hapo lilikaa mpaka yeye aseme. Mwenye gari angekuja na uso wa mtu aliyeibiwa, angeuliza, "Afande, gari yangu iko na nini?" Na Afande angemtazama usoni na kujibu kwa sauti inayofika mpaka barabarani:

"Sijajua bado."

Sijawahi kusikia mtu akilitamka neno hilo kama yeye. Wengine tunalimung'unya huku tunatazama viatu. Yeye alilitamka kama mlinzi anavyosema hakuna kupita. Kama mwenye gari alikasirika, alilirudia polepole ili apate nafasi ya kulisikia vizuri. Na kama mmoja wetu mafundi alithubutu kusema "sijui" tu, akaishia hapo, Afande alimgeukia: "'Sijui' ni ya mvivu. Wewe sema 'bado'. 'Bado' iko na kazi ndani yake."

Mimi hata "bado" sikuiweza. Nilitoka Kenya nikiwa na mkoba mmoja na simu iliyojaa video za injini, na kazi hiyo niliipata kwa kujisifu. Bosi wetu, Muganda mchangamfu aliyemiliki gereji pamoja na duka la vipuri lililokuwa mbele yake, alikuwa amenunua mashine ya kupima moshi, ile yenye mrija unaoingizwa kwenye bomba la nyuma, na hakuna aliyejua kuisoma. Nilisema naijua. Nilikuwa nimeisoma kwa juma zima, usiku na mchana, katika kitabu ambacho kurasa zake za mwisho zilichanika. Shule ya ufundi sikuwahi kuingia. Kwa hiyo kila mteja aliyesimama mbele yangu nilimwona kama mtahini aliyekuja kunifichua. Nilipanga spana kwa ukubwa, nikazipanga tena. Nilifunga boliti, nikarudi kuishika, nikaondoka, nikarudi. Nikilala niliona boliti ileile ikijifungua barabarani.

Mtu wa namna hiyo hupenda sana vifaa vipya. Nakiri. Plagi mpya ikitoka kwenye boksi lake, nyeupe na safi, mapigo ya moyo wangu yalishuka. Nikibadilisha nozeli, sensa na chujio kwa mkupuo, nilihisi nimetenda haki, kwamba hakuna atakayesema sikujitahidi. Afande ndiye aliyeniambia kwamba kifaa kipya kilikuwa kinanituliza mimi, si gari. Aliniambia mbele ya watu, akiwa anatafuna samaki wakavu wa kwao, bila hata kuniangalia.

Chanzo cha msimamo wake alikieleza mara moja tu nikiwepo, na hakukieleza kama hadithi ya huzuni. Alisema baada ya vita vya themanini na sita karakana yao ilibaki na mifupa ya magari. Vipuri havikuwepo. Ukitoa kitu kizima ukakitupa kwa kudhani ni kibovu, hukuwa na kingine cha kurudisha. Kwa hiyo walijifunza kuuliza gari mpaka lijibu. Halafu akaongeza, kana kwamba ni habari ya plagi tu, kwamba wakati ule hata watu walibadilishwa hivyohivyo. Yeye na wenzake wa kaskazini, walikotoka watawala walioshindwa, walisimamishwa kwenye uwanja, wakaambiwa na mkubwa mmoja wakae pembeni kwanza, na baadhi hawakuitwa tena. Hakuna aliyewauliza walikuwa wakifanya kazi gani, vizuri au vibaya. Lafudhi ilitosha.

"Mimi nilirudi kila asubuhi nikasimama pale pale," alisema. "Mukubwa akiniuliza nataka nini, namwambia nataka unipime. Nipe gari. Mpaka akachoka, akanipa lori imekufa."

Hakusema kama lori lilifufuka. Nilikuja kugundua kwamba hilo, machoni pake, halikuwa muhimu kama kule kusimama.

Alikuwa na taratibu zake, na ole wako uzivuruge. Gari la moshi halikuwashwa mpaka yeye afike, kwa kuwa injini baridi, alisema, ni kama mtu aliyeshtuliwa usingizini: kabla hajajiweka sawa atakwambia ukweli. Aliinama nyuma ya bomba na kitambaa cheupe cha mfukoni, akakishika mbele ya pumzi ya kwanza. Kikija na masizi makavu, petroli inazidi. Kikija na ubuluu na mafuta, injini inakula oili. Kisha alinusa. Kwa ajili hiyo hakuruhusu manukato upande wake, na aliwahi kumsogeza mchungaji mzima mpaka ng'ambo ya mtaro, akimwambia kwa heshima zote kwamba baraka zake zinafika hata kutoka huko.

Mashine yangu hakuidharau. Watu walidhani atafanya hivyo, na mimi nilijiandaa kuitetea. Badala yake alinifanya nimsomee namba zote, kila mara, kisha akauliza swali moja ambalo kitabu changu hakikuwa nalo: "Hiyo ni mashine inasema nini. Mimi nauliza kwa nini."

Na mwishowe alipanda gari pamoja na mwenye gari. Yeye alikaa kushoto, mwenye gari akaendesha kama anavyoendesha siku zote, mpaka juu ya mlima wa Naguru na kurudi. Wengi walidhani anasikiliza injini. Alikuwa anamsikiliza mtu.

Hapo ndipo nimweke mama mmoja wa Ggaba.

Alikuwa mchuuzi wa samaki. Aliwanunua alfajiri mwaloni, pale ziwani mitumbwi ya wavuvi inapotua, akawapakia kwenye kigari chake cha mizigo, akawapeleka kwenye hoteli moja iliyo mlimani. Hoteli ikatoa amri kwamba kuanzia Jumatatu hakuna gari la kuleta bidhaa litakaloingia getini bila karatasi ya ukaguzi, na kigari chake kilikuwa kimekataliwa: gesi ya sumu kwenye moshi ilizidi mno. Mchuuzi mwingine alishaanza kuzungukazunguka jikoni mwa hoteli akitabasamu. Mama huyu alikuwa amepita gereji tatu kabla yetu. Ya kwanza ilibadilisha plagi. Ya pili ilibadilisha sensa ya bombani. Ya tatu ilibadilisha nozeli. Moshi ukabaki vilevile.

Alifika kwetu Ijumaa asubuhi. Bosi alisikiliza kidogo, akasema kilichobaki ni masega. Hilo ni kopo la chuma lililo katikati ya bomba la moshi, ndani lina vitundu kama sega la nyuki, na kazi yake ni kuusafisha moshi kabla haujatoka. Ni ghali kuliko vyote alivyokwisha kununua. Mama akasema sawa, lakini kwanza apite Ntinda kwa mtu. Ndipo nikaona kilichokuwa nyuma ya kigari, kimefungwa kwa kamba: friza. Nyeupe, ndefu, imefutwa vizuri kama mtu anayepelekwa arusini. Alikuwa anakwenda kuiuza.

Mchuuzi wa samaki akiuza friza, samaki wasionunuliwa jioni ni wa kutupa. Sisi sote pale tulijua hivyo. Hata Bosi alijua. Alikohoa, akaingia dukani kuitoa masega kwenye boksi, akailaza juu ya meza yangu. Nami, nasema kweli, nilipokiona kile chuma kipya kinang'aa nilihisi ule utulivu wangu. Niliwaza, sasa litakwisha, hakuna atakayesema hatukufika mwisho. Nilikwisha shika spana.

Afande alikuwa amesimama kando ya mlango wa dereva. Aliingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa koti.

"Afande," Bosi alisema, "mutu ameleta gali. Anataka masega. Sisi tunauza masega. Shida iko wapi?"

"Shida iko kwa gari. Ndiyo natafuta."

"Gereji tatu zimeshatafuta."

"Zimeshauza. Kutafuta, bado."

Vijana waliokuwa wakibadilisha tairi waliacha. Bosi hakuwa mtu mbaya, lakini hakuna mwenye duka anayependa kuambiwa hivyo mbele ya wateja. Akamkumbusha kwamba pale si polisi.

"Kweli si polisi," Afande alisema. "Kwa polisi ningekuwa nimekufunga tayari."

Watu wakacheka, na kicheko kikamuumiza Bosi zaidi. Akasema basi kama moshi hautapungua siku hiyohiyo, Afande achukue leso yake na boksi lake la kulalia, aende akatafute kwenye gereji nyingine. Alisema kwa Kiganda kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili sisi wageni tusije tukasema hatukusikia.

Nilidhani yule mama angefurahi kutetewa. Hakufurahi. Alikuwa amechoka na alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu anataka kitu cha kushika. Alimsogelea Afande akamwambia kwa heshima ya Kiganda, "Nnyabo, mimi nataka karatasi tu. Weka hiyo kitu, niende."

"Maama, nikiweka hiyo kitu na moshi ikabaki, utauza nini tena? Mashua?"

"Sina mashua."

"Ndiyo nasema."

Kisha akamrudishia ufunguo, akafungua mlango wa kushoto, akakaa. "Twende Naguru. Endesha kama unapeleka samaki."

Mimi nilipanda nyuma kuishikilia friza, nikiwa na mashine magotini. Kigari hakikuwa na ukuta kati ya viti na mizigo, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Afande hakuuliza juu ya moshi. Aliuliza juu ya samaki, juu ya barabara ya Ggaba ikinyesha, juu ya foleni ya Kabalagala. Mama akaanza kulegea. Akaanza hata kukisifu kigari chake, kama mtu anavyomsifu mtoto aliyefeli mtihani lakini ana adabu. Tulipopinda kwenye mwinuko mkali, akipanda kwa gia ya kwanza, alisema gari hilo halijawahi kuchemka hata siku moja. Magari ya wenzake yalisimama njiani yakitoa mvuke, lake, hapana.

"Haijawahi?" Afande aliuliza.

"Kamwe. Zamani ilikuwa inachemka. Kuna fundi wa kule mwaloni alinitengenezea mara moja tu, ikaisha kabisa. Yule alikuwa fundi."

Niliona kichwa cha Afande kikiinama kuelekea kwenye dashibodi. Nami nikainua shingo juu ya friza nikaangalia alikokuwa anaangalia. Tulikuwa tumepanda mlima mzima, jua likiwa limewaka, mzigo mgongoni, na mshale wa joto ulikuwa umelala chini kabisa, kama gari limewashwa sasa hivi.

Tulipofika juu alimwambia asimame, akafungua boneti, akashika kwa kiganja bomba la mpira linalopeleka maji kwenye rejeta. Mtu hawezi kulishika bomba hilo baada ya mlima kama ule, anaungua. Yeye alilishika, akaliacha kiganjani, akanitazama.

"Mukenya. Injini ikiwa baridi, kompyuta inafanya nini?"

Nilijua. Nilikuwa nimesoma. Inaongeza petroli ili injini isizime, mpaka ipate joto.

"Na isipopata joto?"

Jibu lilikuwa limekaa kichwani mwangu muda wote, ukurasa wake naukumbuka mpaka leo, lakini sikuwahi kulihusisha na gari lolote lililosimama mbele yangu.

Fundi wa mwaloni alikuwa ameitoa thamostati. Mafundi wengi wa kwetu wanafanya hivyo. Ni kikofia kidogo cha shaba kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto lake. Kikikwama, gari huchemka. Badala ya kuweka kingine wanakitupa na kusema nchi ya joto haihitaji kitu kama hicho. Gari linaacha kuchemka na mwenye gari anamsifu fundi. Kumbe injini inatetemeka kwa baridi mwaka mzima, na kompyuta, kwa huruma, inaimwagia petroli isiyoweza kuungua yote. Ile sifa ya gari ndiyo iliyokuwa ugonjwa wake.

Mimi nilitaka turudi mbio kununua thamostati. Hata hapo Afande alikataa. Alisema sasa nilikuwa nimefurahi, na kufurahi si kujua. Tuliporudi Nakawa aliomba boksi tupu la biskuti kwa mama wa kioski, akalikata kwa kisu, akalisimamisha mbele ya rejeta ili upepo usipite. Bosi alikuwa mlangoni amekunja mikono. Alitangaza kwamba waje wote waone, Afande anatibu gali kwa boksi la biskuti.

"Nyamaza kwanza," Afande alisema. "Inapata joto."

Tulikaa tukiutazama mshale. Mama wa Ggaba aliutazama kuliko sote. Ulipanda polepole, kama kitu kisichokumbuka njia, mpaka ukasimama katikati, mahali ambapo mwenyewe alisema hajauona miaka mingi. Na akataka kuizima injini kwa woga kwamba sasa inachemka. Afande akamshika mkono. Kisha akaniambia nitie mrija.

Namba ya ile gesi ilianza juu, kama ilivyokuwa asubuhi. Ikasita. Ikaanza kushuka. Nilimsomea kila ilipobadilika, na iliposhuka chini ya kiwango cha ukaguzi nikaendelea kusoma tu kwa sababu nilikuwa nimesahau kwamba naruhusiwa kuacha.

Masega ilirudi kwenye boksi lake. Thamostati ilipatikana dukani kwetu, ni kifaa kidogo sana. Friza ilirudi Ggaba ikiwa nyuma ya gari lilelile, kigari kikapita ukaguzi, na Jumatatu kiliingia getini. Bosi hakuomba radhi. Aliagiza chai kwa wote, na kikombe cha Afande akakipeleka mwenyewe. Afande akakipokea bila kusema asante. Alimwambia chai haina sukari.

Ningetaka kuishia hapo, lakini ningekuwa nimemchora nusu. Afande alikosea pia. Mwaka uliofuata aliletewa gari la afisa mmoja, nikamwambia mapema kabisa kwamba masega imevunjika ndani, nasikia vipande vinagongana. Alinipuuza. Akalizungusha gari lile kutwa nzima: moto, baridi, mlima, foleni. Jioni akalala chini, akaigonga masega kwa mpini wa nyundo, akasikia kile nilichosikia asubuhi. Alipotoka nilikuwa nimesimama nasubiri. Ni aibu kueleza jinsi nilivyokuwa nimesimama.

"Ulisema kweli," aliniambia akijifungua leso. "Lakini haikuwa yako. Uliiokota tu. Mimi sasa iko yangu."

Nilikasirika siku nyingi. Bado sina hakika kama alikuwa na haki, au kama alikuwa tu mtu asiyeweza kukubali kushindwa.

Na watu je? Kwa injini alikuwa hakimu mvumilivu; kwa watu alikuwa kizuizi cha barabarani. Mshonaji mmoja Mkongo alipopanga chumba nyuma ya gereji, Afande alimtazama mara moja akasema huyo ni mwizi. Hakumpima kwa mlima wowote. Mimi mwenyewe, siku ya kwanza, alishatangaza kwamba Wakenya wanapenda pesa na kwamba nitakuwa nimetoroka kabla majira ya mvua hayajabadilika. Nilipomkumbusha kuhusu uwanja ule, ule ambao yeye alisimamishwa pembeni kwa lafudhi yake, alisema injini haina sababu ya kukudanganya. Nadhani lilikuwa jibu la mtu aliyedanganywa sana. Lakini nilimwona wiki ile akimpelekea mshonaji gauni la kukarabati, akakaa mlangoni mwake mpaka likaisha, akimtazama mikono kama anavyotazama mshale.

Kichekesho kikubwa kilikuwa gari lake mwenyewe. Alikuwa na gari la zamani la rangi ya maziwa, na kila asubuhi lilipowashwa lilitoa wingu la buluu lililofanya wauza nyanya wa sokoni wafunike bidhaa zao. Walimpigia kelele kwamba mganga wa moshi anatufukiza. Alipunga mkono kama anapokea salamu. Tulipomuuliza kwa nini halitengenezi, alisema lile limetumikia, lina haki ya kukohoa.

Nilihama baadaye. Nilifungua mahali padogo Kasubi, mabati na shimo moja, mashine yangu mwenyewe, spana zangu zimepangwa kwa ukubwa. Wasiwasi wangu nilihama nao. Mteja akisimama mbele yangu bado nilihisi ni mtahini, na mara nyingi, zaidi ya ninavyopenda kuandika, nilijikuta nikisema "ni sensa" kabla ya kujua.

Asubuhi moja nililisikia wingu kabla ya kuliona. Majirani walikuwa wanalalamika. Gari la rangi ya maziwa likaingia, godoro na masufuria yamefungwa juu ya paa. Afande akashuka polepole, akishika mlango. Alikuwa amepungua. Koti la buluu lilikuwa limebaki na ukubwa wake wa zamani. Aliniambia anarudi kwao kaskazini, moja kwa moja, na anataka kuondoka kesho.

Akafungua buti. Ndani, juu ya blanketi, kulikuwa na boksi jipya: pistoni na ringi zake, seti nzima.

"Fungua injini, badilisha zote," alisema. "Nimenunua tayari."

Nilidhani ananitania, ananipa mtihani. Nikamtazama usoni, na haukuwa mtihani. Alisema njia ni ndefu. Alisema hataki kusimama Karuma, katikati ya njia, na godoro kichwani, mwanamke mzee, giza linaingia, kila mwenye bunduki anamuuliza ametoka wapi. Sauti yake nilikuwa naijua, ila si kutoka kinywani mwake. Ilikuwa sauti ya mama wa Ggaba aliyesema weka hiyo kitu, niende.

Boksi lilikuwa safi. Lilikuwa na ile harufu ya mafuta mapya. Kila kitu ndani yangu kilitaka kutii: alikuwa mkubwa wangu, alikuwa na hofu, na kifaa kilikuwa kipya. Nilimwuliza wingu linatoka wakati gani. Akasema asubuhi likiamka, na foleni ikiwa ndefu kama ya leo; likishika mwendo linatulia. Basi nikaanza kushuku kwamba pengine si pistoni, pengine ni vijimpira vya juu kwenye vali, vinavyovuja oili gari likiwa limelala. Kushuku tu.

Niliingiza mkono dirishani, nikachomoa ufunguo, nikautia mfukoni.

"Kijana, hiyo ni ufunguo yangu."

"Ndiyo, Afande. Utaupata."

"Nimekuambia badilisha."

"Nimesikia. Sibadilishi."

Akanijia mpaka nikaona ukungu katika jicho lake moja. "Wewe Mukenya. Mimi unanifanyia hivyo? Mimi? Haya sema. Gari yangu iko na nini?"

Nilimtazama usoni, si viatu. Sauti yangu haikufika barabarani, lakini ilimfikia.

"Sijajua bado."

Kinyozi jirani alikuwa ametoka na mkasi mkononi kuangalia. Kisha Afande akaliinua boksi la pistoni kutoka kwenye buti, akakataa nimsaidie, akaenda akakaa kwenye benchi langu na kulipakata magotini kama abiria mwenye mzigo. Nikafungua boneti. Nikatoa plagi moja moja, nikazipanga kwenye gazeti kwa mpangilio wake, nikaanza kupima nguvu ya kila silinda, ili injini yenyewe iseme kama pistoni zimechoka, bila haraka.

Nilipopita karibu naye kuchukua oili, aliuliza bila kuinua uso.

"Bado?"

"Bado," nikasema, nikapita.